Pua Iliyonyamaza

Pale kiwanda cha maziwa hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote, kuanzia meneja hadi mfagizi, walimwita Pua, naye aliitika bila kinyongo, kwa kuwa jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kila asubuhi wafugaji walipanga mitungi yao kwenye jukwaa la zege, na yeye akapita katikati yake na gauni lake jeupe na buti za mpira. Alifunua kifuniko, akainama, akavuta pumzi mara moja tu, kisha akatamka neno. Akisema "pita," maziwa yalikwenda kwenye tangi. Akisema "kando," mwenye mtungi alijua siku yake imeharibika.

Kulikuwa na vipimo vingine, ndiyo. Kulikuwa na kipima maji cha kuwakamata wanaochanganya, na spiriti, ambayo ukiitia kwenye kijiko cha maziwa yaliyoanza kuchacha yanakatika papo hapo. Lakini spiriti haikujua harufu ya mafuta ya taa, wala ya rangi, wala ya ng'ombe aliyelala kwenye matope, wala ya dawa ya kupe iliyodondokea kwenye ndoo. Hayo kipimo chake kilikuwa ni yeye. Wafugaji walimwogopa na kumheshimu. Mumewe, fundi viatu, alikuwa na msemo wake: kuoa mwanamke kama yule ni kuoa kituo cha polisi. Ukipitia mahali kulainisha koo, afadhali ulale huko huko.

Kisha yakaja mafua. Yaliingia nyumbani kwao yakawalaza wote, mume, watoto, na mama mkwe wake aliyekuwa akikaa chumba cha uani. Wote wakapona. Pua naye akapona, akarudi kazini na kitambaa mfukoni, akafunua mtungi wa kwanza, akainama, akavuta pumzi.

Hakukuwa na kitu.

Ilikuwa kama kubisha hodi nyumba ya jirani uliyezoea kumsikia akiimba, ukakuta wamehama. Akavuta tena. Mwenye mtungi, mtu mmoja wa makamo, akamtazama kwa wasiwasi, maana Pua hakuwa na desturi ya kuvuta mara mbili.

"Kuna tatizo, mama?"

"Hakuna. Pita."

Akaenda mtungi wa pili, wa tatu, hadi mwisho wa mstari. Yote ilikuwa hewa tupu. Siku hiyo alipitisha maziwa yote, na alipofika nyumbani alijifungia bafuni akaweka sabuni puani, halafu chupa ya spiriti aliyoifungia kwenye kanga. Spiriti ilimchoma macho mpaka yakatoka machozi, lakini harufu yake hakuipata.

Daktari alimmulika matundu ya pua kwa kurunzi ndogo, akamwambia mishipa ya kunusia imeumia. Inaweza kurudi, inaweza isirudi. Dawa yake ni subira.

"Subira ya mpaka lini, daktari?"

"Ningejua ningekuambia, mama."

Alijifukiza, akatafuna tangawizi mpaka ulimi ukafa ganzi, akajidondoshea puani kila alichosikia kinasaidia. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Macho ya mumewe yalikuwa yameanza kufifia, siku hizi sindano alitungiwa uzi na wanawe. Watoto walikuwa bado shule. Na zaidi ya hayo lilikuwepo jambo ambalo hata yeye mwenyewe aliona haya kulikubali: bila pua ile, hakujua yeye ni nani. Mikono kila mtu anayo. Pua ilikuwa moja.

Akawa anafanya kazi kwa hila. Alipima kila mtungi kwa spiriti badala ya ile ya wasiwasi tu, na foleni ikarefuka hadi nje ya geti. Aligusa mitungi kuona ipi ina joto. Aliwasoma watu usoni, nani anakwepa macho, nani anachekacheka bila sababu. Wafugaji wakaanza kunong'ona kwamba Pua amepandishwa cheo kisirisiri, maana maringo hayo hawakumzoea nayo. Nyumbani maharage yaliungua mara kwa mara, na watoto walipomlalamikia alisema alikuwa na mawazo. Katika hilo hakusema uongo.

Asubuhi moja akaja shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa na ng'ombe wachache upande wa pili wa mto. Alichelewa. Alikuwa anatoka jasho na hakumtazama Pua machoni. Spiriti haikuona kitu. Lakini Pua alikumbuka jinsi mama mkwe wake alivyosema jana yake kwamba kupe wamezidi huko kwa mwanawe. Akipitisha na kumbe yana dawa, tangi zima litaharibika.

"Kando," alisema.

"Kando kwa nini, shemeji?"

"Yananuka dawa."

"Dawa gani? Ng'ombe sijawapaka dawa mwezi huu. Mtoto alikuwa anaumwa, nimetoka naye zahanati ndiyo maana nimechelewa. Nusa tena."

Aliinama tena, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Alikaa pale juu ya mtungi kama mtu anayechungulia kisima kikavu.

"Nimesema kando."

Shemeji alifunika mtungi wake taratibu, akauinua begani. Wafugaji walimpisha njia. Mtu akikataliwa maziwa na mgeni, watu husema bahati mbaya, lakini akikataliwa na shemeji yake, husema kumbe.

Jioni ile mama mkwe aliingia jikoni na kikombe cha maziwa mkononi. Alikuwa ametoka kwa mwanawe, kwa miguu. Akakiweka mbele ya Pua.

"Nusa."

Pua akanusa.

"Yananuka dawa?"

Angeweza kusema hapo. Jiko lilikuwa na wao wawili tu, na yule mama hakuwahi kumtendea ubaya. Lakini uongo ukishaanza kutembea haukubali kukaa chini.

"Kidogo, mama."

Mama mkwe akakichukua kikombe, akanywa yote bila kupumzika, huku akimtazama. Akafuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Basi nimekunywa sumu," alisema. "Tutaona kama nitaamka."

Aliamka, akafagia uwanja kama kawaida, na tangu siku hiyo hakumsemesha mkamwana wake isipokuwa kwa kupitia watoto. "Mwambieni mama yenu chumvi imekwisha." Na mama yao yuko hapo hapo, amesimama.

Ndipo meneja alipowaita wafanyakazi wote kwenye ghala la kufungashia akawapa habari. Wanunuzi wa maziwa ya unga walikuwa wanataka kila mtungi upimwe na mashine, na kiwanda kimeagiza. Inaitwa pua ya umeme. Inavuta hewa ya juu ya maziwa kwa mrija, inaichambua ndani yake, kisha inawasha taa: kijani ni safi, nyekundu ni mbovu. Watu waligeuka wakamtazama Pua kwa huruma, kama mke mkubwa anayetangaziwa harusi ya mumewe. Mpika maziwa, mzee wa mtambo wa kuchemshia, alimgusa bega.

"Pole, dada."

Hakujua kwamba Pua, kwa mara ya kwanza tangu mafua, alikuwa amepumua. Mashine na ije. Mashine na ichukue jukwaa, imwache apumzike na siri yake. Watamtafutia hata kazi ya kubandika lebo, na hakuna atakayejua.

Mashine ilikuja kwenye sanduku la mbao, ndogo kuliko alivyodhani, kama kabati la sahani. Pamoja nayo akaja msichana mmoja mwembamba mwenye miwani, ndiyo kwanza ametoka chuoni, ambaye watu walimpachika jina la Injinia kabla hajamaliza kufungua misumari ya sanduku. Alikuwa na adabu. Alimwamkia Pua shikamoo kila asubuhi, na siku mashine ilipowashwa akamwita karibu, uso unamng'aa.

"Mama, mimi nimekuja hapa kwa ajili yako hasa."

"Kwa ajili yangu?"

"Hii mashine sasa hivi ni kama mtoto mchanga. Inasikia harufu zote, lakini haijui ipi nzuri ipi mbaya. Lazima ifundishwe. Kwa hiyo utakuwa unanusa wewe kwanza, halafu unabonyeza kitufe. Kijani kama ni safi, nyekundu kama ni mbovu. Yenyewe inakumbuka. Ikishajifunza vya kutosha, itakuwa inanusa kama wewe. Nimeambiwa huku kote hakuna pua kama yako."

Pua aliitikia kwa kichwa. Akashika ukingo wa meza.

Wakaanza. Kila mtungi, aliinama, akajifanya kuvuta, akabonyeza. Mingi aliipa kijani. Mara moja moja alitia nyekundu, kwa kuwa siku isiyo na mbovu hata moja ingetia shaka, na kila alipobonyeza nyekundu mtu fulani aliondoka na maziwa yake akiwa ameinamisha kichwa. Mashine ilikumbuka yote. Ilikuwa mwanafunzi mtiifu. Na kadiri ilivyozidi kufundishwa ndivyo ilivyozidi kuwayawaya: leo nyekundu, kesho kijani, kwa maziwa ya ng'ombe yule yule.

Injinia alianza kukonda. Aliifungua mashine akasafisha mirija, akabadilisha vichujio, akaisogeza mbali na dirisha labda ni upepo. Wakati wa chakula wenzake walikaa kivulini, yeye alikuwa amelala chini ya meza na bisibisi.

"Sielewi, mama," alimwambia Pua. "Ni kama inafundishwa na watu wawili wanaobishana."

"Labda ndivyo ilivyo, mashine nyingine zinakuwa nzito kuelewa," Pua alijibu.

Meneja naye akaja, akatazama, akaguna. Kwake hesabu ilikuwa rahisi. Pua hajawahi kukosea, kwa hiyo mashine ndiyo mbovu, au anayeisimamia. Injinia alikuwa bado yuko kwenye muda wa majaribio kwenye kampuni yake iliyouza mashine, na neno moja la meneja lingemrudisha kwao. Jambo hilo Pua alilijua. Kila asubuhi alipanda jukwaani akiwa ameamua kusema, na kila asubuhi mtungi wa kwanza ulifunuliwa kabla hajasema.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Siku hiyo kilio chenyewe kilitoka kwenye mtambo wa kuchemshia. Mpika maziwa alikuja mbio, aproni imelowa, kitambaa amekifunga puani.

"Zimeni pampu. Nani kapitisha hii?"

Maziwa yalipopata moto, dawa ya kupe iliyokuwa imejificha kwenye ubaridi iliamka. Ukumbi mzima ulijaa harufu, wanawake wa kufungasha wakatoka nje wakikohoa. Mfugaji mmoja alikuwa ameleta maziwa kwa mtungi uliowahi kutiwa dawa, akausuuza kwa maji tu. Pua alikuwa ameupa kijani. Mashine nayo, kwa kumuiga mwalimu wake, ilikuwa imewasha kijani.

Walifungua tangi, maziwa ya watu wote ya asubuhi ile yakatoka kwa bomba hadi mtaroni, yakafanya povu, yakapita mbele ya geti ambapo wafugaji wengine walikuwa bado wanafunga mitungi yao kwenye baiskeli. Walisimama wakatazama. Pua alikuwa kati yao, na alikuwa mtu pekee pale ambaye hakufunika pua. Bahati yake, au balaa yake, hakuna aliyemwangalia.

Ofisini meneja alikuwa amesimama.

"Mashine yako imetutia hasara," alimwambia Injinia.

"Mashine inasema ilichofundishwa, bosi."

"Imefundishwa na Pua. Unataka kuniambia Pua hajui kazi?"

Msichana alimtazama Pua, aliyekuwa mlangoni. Kisha akatazama sakafu.

"Sisemi hivyo."

"Basi funga vitu vyako. Nitazungumza na wakubwa wako."

Injinia akavua miwani akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. Ni hiyo miwani iliyomshinda Pua. Aliingia ndani na kufunga mlango nyuma yake.

"Bosi, mwache. Mimi sinusi."

"Unasemaje?"

"Sinusi. Tangu yale mafua. Harufu yoyote siipati."

Meneja alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Najua una moyo wa huruma. Lakini usimbebee huyu binti mzigo wake."

"Si wa kwake."

Kwenye meza palikuwa na chupa mbili za sampuli, moja ya tangi lililomwagwa, moja ya jana. Meneja akazifungua zote, akazileta karibu na uso wa Pua. Injinia, aliyekuwa kando ya dirisha, alijiziba pua papo hapo.

"Ipi mbovu?"

"Sijui."

"Kisia."

"Nimekisia vya kutosha, bosi."

Meneja akaweka chupa chini. Akakaa. Alisahau hata kuzifunika.

"Tangu mafua," alisema polepole, kama mtu anayehesabu magari yaliyotoka getini. "Tumewalisha watu nini, Pua?"

Swali hilo hakulijibu, wala hajalijibu hadi leo. Kama kuna mtoto aliyeumwa tumbo mahali fulani kwa sababu yake, hatajulikana, na hilo ndilo linalomkosesha raha kuliko yote aliyoyapata baadaye.

Alisimamishwa. Baadaye mpika maziwa alimwombea, akapewa kazi ya kuosha mitungi nyuma ya kiwanda, kwenye maji ya moto na soda, pamoja na wanawake wa kibarua. Injinia alibaki. Aliifuta mashine yote iliyofundishwa, akaanza upya na wanawake wawili wa chumba cha kufungashia, wapya katika kazi ya kunusa lakini wazima. Kabla hajaanza alimfuata Pua penye karo za kuoshea.

"Nilikuwa naifungua ile mashine nikidhani mimi ndiye mjinga," alisema. "Ulikuwa unaniona."

"Nilikuona."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Msichana alisubiri labda litaongezwa neno. Pua aliinamia karo, akaendelea kusugua mtungi. Injinia akaondoka. Siku hizi wakikutana getini shikamoo bado ipo, lakini ni ya kupita tu.

Kwa shemeji alikwenda mwenyewe, akavuka mto, akamkuta anakamua. Alisimama nje ya zizi akaeleza yote, mwanzo hadi mwisho, na shemeji hakuacha kukamua hata mara moja.

"Kwa hiyo yalikuwa mazuri," shemeji alisema, Pua alipomaliza kueleza.

"Sijui, shemeji. Hata leo sijui."

"Mimi najua. Yalikuwa mazuri. Mtoto wangu alikunywa, mama alikunywa." Akainua ndoo. "Siku hizi nauzia wapita njia. Kiwandani kwenu sirudi, wakiniona wanakumbuka. Nikikuambia yameisha nitakuwa nakudanganya, na uongo umetosha. Lakini umekuja. Kaa unywe chai."

Akakaa, akanywa. Chai ilikuwa na joto na utamu, basi.

Mumewe alisikia habari akiwa na kiatu mapajani. Alipiga misumari miwili, mitatu, kisha akasema, "Kumbe siku zote hizo ningeweza kunywa." Pua alicheka, na kicheko hakikufika mbali, kikageuka kilio kilichomtikisa mabega mpaka fundi akaweka nyundo chini akamshika kwa mikono yake ya gundi.

Kesho yake mama mkwe alileta kigoda chake jikoni, akakiweka karibu na mlango, akakaa kama aliyekuja kuchambua mchele. Pua alikuwa amebandika maziwa ya watoto na kikaango cha vitunguu jikoni, anakata mboga.

"Vitunguu vimeanza kuungua," mama mkwe alisema. Alimwambia yeye, moja kwa moja, hakupitia kwa mtoto. "Geuza."

Pua akageuza. Maziwa yakaanza kupanda, yakatoa mvuke, na mama mkwe akavuta pumzi bila kujijua, kama watu wote wanavyofanya.

"Mama," Pua alisema, "yananukaje?"

Yule mama akafikiri. Akavuta tena, kwa makini, macho ameyafumba, kama anatafuta kitu kilichoangukia uvunguni.

"Yananuka maziwa, mwanangu," alisema hatimaye. "Nikwambieje?"

Pua akaipua sufuria, akaiweka chini, akaendelea kukata mboga.